Mapishi Yana Mwenyewe?



Himdi zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeturuzuku vilivyo vizuri, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Mama zangu na dada zangu, wiki hii nimeonelea nijibu hadharani swali nililoulizwa faraghani. Mwenye kuuliza amenipa idhini, nami naamini linawahusu wengi katika nyinyi.

Baada ya darsa ya akina mama ya Alhamisi, mama mmoja kijana alibaki nyuma, simu mkononi, macho yamemwiva. Ni mjane. Riziki yake na ya wanawe huipata kwa kupika: mahamri ya asubuhi, na ukiingia mwezi wa Ramadhani, kaimati na mkate wa sinia kwa maagizo. Miezi michache iliyopita aliandika namna marehemu mamake alivyokuwa akiupika mkate huo, akaupiga picha juu ya meza yake, akaviweka katika kundi la wapenda mapishi kwenye Facebook. Akashukuriwa, na mamake akaombewa dua. Kisha siku moja akaikuta picha ile ile na maneno yale yale katika ukurasa mwingine wenye wafuasi wengi. Jina lake limeondolewa, la mamake halipo, na mwenye ukurasa anasifiwa kwa "siri ya nyanya yangu." Lililomuumiza zaidi ni kwamba mteja wake mmoja alimuuliza kama yeye ndiye aliyeiga huko.

"Maalim," akaniuliza, "mapishi yana mwenyewe? Au nalilia kisichokuwa changu?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba muda, nikaenda kutazama vitabu, na kuwauliza vijana wangu mambo ya hiyo mitandao.

Kwanza, tusiubeze ulimwengu huu tukadhani ni upuzi wa vijana. Mwaka 1997, mjini Seattle nchini Marekani, kikundi cha wasomi vijana kilifungua tovuti ya mapishi ya biskuti, ambayo baadaye ilipanuka ikaitwa Allrecipes. Mwaka huo huo, mjini New York, ilianza Chowhound, baraza la watu wasiokuwa wapishi wa hoteli wala waandishi wa magazeti, bali wapenda chakula tu, wakielekezana kwenye chakula kizuri. Mwaka 1998, huko Japani, Akimitsu Sano alianzisha tovuti iliyokuja kuitwa Cookpad, ambamo watu wa kawaida huandika wanayopika majumbani mwao. Kwetu mlango ulipanuka mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, na baada ya muda simu ikaingia jikoni. Wasomaji wa Kiswahili nao wamepata ukumbi wa mapishi hata katika tovuti ya Kiislamu ya Alhidaaya.

Kheri yake ni dhahiri. Zamani, binti aliyeolewa mbali na kwao alikwenda na alichokidaka tu kwa macho jikoni kwa mamake. Leo aliye Muscat au London, usiku nazi iko mbele yake na hajui aanze wapi, anauliza, na mwanamke asiyemjua anamjibu. Hiyo ni elimu, na mwenye kuitoa kwa nia njema ana sadaka yake.

Lakini elimu kwetu sisi Waislamu ina adabu, na adabu yake kubwa ni sanadi. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na kauli kuwa nzuri. Waliuliza: umeipokea kwa nani, naye kwa nani? Sisemi kwamba mkate wa sinia ni hadithi, Allah atuepushe na kuchanganya. Nasema kwamba umma uliofunzwa kuuliza "kwa nani?" hauwezi kuona si kitu kumfuta mtu jina lake.

Wala si jambo geni kwa mapishi. Katika karne ya 10 miladi, mjini Baghdad, Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya kitabu kikubwa cha upishi, na mara nyingi akamtaja mwenye chakula: hiki cha fulani, hiki cha Ibrahim bin al-Mahdi, ndugu wa baba mmoja wa Khalifa Harun al-Rashid. Zimepita zaidi ya miaka elfu moja, na bado twajua ni nani aliyesifika kwa chakula gani. Wajapani nao, katika ile Cookpad, wana desturi iliyonipendeza: mtu akipika kwa maelekezo ya mwenzake, humrudishia picha ya alichopika pamoja na neno la shukrani. Hawa si Waislamu, lakini hapo wameshika adabu ambayo sisi tulistahiki kuwatangulia.

Sasa nije kwenye jawabu, nalo lina sehemu tatu.

Ya kwanza: ufundi wenyewe, yaani kuchanganya mchele, tui, sukari, hamira na iliki, hauna mwenyewe wa kumzuia mwenziwe. Ni urithi wa pwani nzima; kwingine mkate huo huitwa wa kumimina. Mama yule hawezi kumkataza mtu kuupika, wala kuuuza.

Ya pili: maneno aliyoyatunga na picha aliyoipiga ni mali yake. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano nchini Kuwait, Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo hulinda maandishi na picha. Kwa hiyo kunakili vitu hivyo bila idhini ni dhulma, hata kama mwenye kunakili hakupata senti moja.

Ya tatu, nayo ndiyo nzito: kusema "ni siri ya nyanya yangu" ilhali si yake ni uongo. Mtume (s.a.w.) alimfananisha anayejipamba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Na neno alilolitumia kwa Kiarabu, asili yake ni mtu anayejionyesha ameshiba naye hakushiba. Tazameni linavyoafiki!

Nilimwambia: "Mwanangu, hukulilia kisichokuwa chako. Lakini mwandikie kwanza faraghani, umnasihi, usimfedheheshe mbele za watu." Alifanya hivyo. Picha iliondolewa, maneno yalibaki siku kadhaa, kisha nayo yakaondolewa. Msamaha hakuombwa. Akaniuliza kama sasa aache kuwafunza watu. Nikamwambia asiache, maana mwenye kuficha elimu kwa kuogopa mwizi humnyima pia mwenye haja. Aandike, ila kila mara amtaje mamake, na picha aitie jina lake.

Natoa nasaha nyingine tatu kwa ufupi. Mapishi ya mtandaoni yachujwe kabla ya kupikwa: jeletini huenda ni ya nguruwe, na ile mirin ya Wajapani, ijapokuwa ni tamu, asili yake ni pombe ya mchele. Pili, jirani asisahauliwe. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awagawie majirani. Ikiwa watu mia tano wameiona biriani yako kwenye simu, na jirani aliyeisikia harufu hakuionja, basi hesabu yetu ina kasoro. Tatu, msiweke urithi wenu wote katika nyumba ya mwenyewe. Baraza ile ya Chowhound ilifungwa mwaka 2022, na waliokuwa wamezoea kukutana humo ikawabidi watafute pengine. Daftari la nyumbani halifungwi na mtu.

Hili la daftari naliusia kwa majuto yangu mwenyewe. Mamangu, Allah amrehemu, alikuwa akipika mkate wa sinia ambao ulijaa vitundu kama sega la asali. Tuliula miaka yote, na hakuna aliyeandika. Alipofariki, dada zangu wawili wakawa na kauli mbili: huyu asema mchele ulilazwa usiku kucha, yule asema ni tangu adhuhuri. Mwaka jana binti yangu aliutafuta mtandaoni, akapima kila kitu kwa kikombe kama alivyoelekezwa. Mkate ulitoka mtamu, lakini mzito. Tukampelekea kipande jirani yetu, bibi wa makamo ya mamangu. Alitafuna polepole, akasema, "Huu si wa mamako. Yeye akichota kidogo ule mchele uliosagwa, akaupika uji kwa tui, ukishapoa ndipo akiurudisha. Kisha moto juu na chini, si chini peke yake."

Neno hilo halikuwamo katika tovuti yoyote tuliyoisoma. Lilikuwa nyumba ya pili, kwa mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Binti yangu aliyaandika yote katika daftari, na juu yake akatia sanadi: kutoka kwa bibi jirani, kutoka kwa nyanya yetu. Mkate wa pili ulipokatwa, dada yangu mkubwa alishindwa kusema.

Basi wiki hii, kabla hujafungua simu kutafuta mapishi, nenda kaketi na mamako, au shangazi, au jirani aliyezeeka. Akikwambia "tia kiasi," mpe kikombe akupimie hicho kiasi. Andika, na utie jina lake. Ukipenda kuwagawia walimwengu baadaye, wagawie pamoja na jina hilo, ili kila atakayekula amwombee.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, awape umri wenye baraka waliobaki, na atujaalie kula kilicho halali na kumrejeshea kila mwenye haki haki yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.