Maji ya Kisima na Dawa ya Mtoto Anayeharisha



Mama zetu na dada zetu wa Kuze na mitaa jirani ya Mji wa Kale, wiki hii tunazungumza nanyi juu ya maji anayopewa mtoto tumbo linapomwendesha. Wengi wetu tumekwisha kuijua ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari, ijulikanayo madukani na zahanatini kwa herufi za ORS. Twajua kuwa ndiyo ya kwanza kushikwa. Lakini ni maji gani tunayoikorogea? Hapo ndipo penye jambo ambalo halisemwi vya kutosha, nalo latuhusu sisi wa kisiwani kuliko watu wa bara.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu mengi. Maji ya bahari hupenya chini yake, na uchafu wa mashimo ya vyoo nao hupenya. Katika mitaa iliyosongamana kama yetu, shimo la choo na kisima huwa mbali kwa hatua chache tu. Maji ya mfereji hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Marere katika Shimba Hills, na Baricho kwenye mto Sabaki. Yanapokatika, nasi tunajua yanavyokatika, hurudi mtu kisimani au humwita muuzaji wa mkokoteni, na si kila mara twajua mitungi yake imejazwa wapi.

Basi maji ya kisima chetu yana mambo mawili ndani yake: viini vya maradhi na chumvi. La kwanza wengi twalijua, na dawa yake twaijua: kuyachemsha mpaka yatokote, au kuyatia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. La pili ndilo linalosahauliwa. Moto huua viini, lakini hauondoi chumvi. Tena, maji yakichemka sana na kupungua sufuriani, chumvi iliyomo huzidi ukali. Dawa ya maji nayo haiondoi chumvi.

Kwa nini chumvi hii iwe na uzito? Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi kwa pamoja. Akipewa maji matupu, hulipwa nusu ya deni. Akipewa chumvi na sukari kwa kipimo chake, sukari huivuta chumvi kupitia ukuta wa utumbo, na chumvi huyavuta maji. Ndiyo hikima yote ya pakiti ile. Kipimo kikizidi, kazi hugeuka: maji hutolewa mwilini badala ya kuingia, kiu huzidi, na chumvi ikipanda mno katika damu, mtoto huweza kupata kifafa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibadilisha mchanganyiko wa pakiti hii na kupunguza chumvi na sukari yake, kwa sababu ilibainika kuwa kipimo chepesi zaidi hupunguza kutapika na kuharisha. Sasa tufikiri: wataalamu wamepunguza chumvi, kisha sisi tunairudisha kwa maji ya kisima.

Wala tusiidharau dawa hii kwa kuwa ni rahisi. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa nchi ya Bangladesh, wakimbizi walimiminika India na kipindupindu kikawaangukia. Katika kambi ya Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutiwa mishipani. Akaagiza chumvi na sukari zikorogwe majini kwa kipimo, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Mkono ulioshika kikombe ulikuwa mkono wa mama, wa baba, wa ndugu. Ni mkono kama wetu.

Basi tufanye hivi. Kila nyumba yenye mtoto mdogo iweke akiba ya lita mbili tatu za maji matamu ya kunywa, ya mfereji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, katika chombo safi chenye kifuniko, na akiba hiyo isiguswe kwa kupikia wala kuoshea. Ibadilishwe kila baada ya siku chache. Pakiti isomwe kabla ya kufunguliwa: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Asiye na kipimo atumie chupa tupu ya maji ya dukani iliyooshwa vizuri, kwani ujazo wake umeandikwa. Pakiti itiwe yote kwa mara moja, wala isigawanywe kwa kukisia. Mama aonje kwanza. Ikiwa ina chumvi kuliko machozi, amwage. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe vilevile.

Kila baada ya choo chepesi, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kikubwa, na aliyezidi umri huo apewe nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo, kwa kijiko au kwa kikombe. Akitapika, tungoje dakika kumi, kisha tuendelee polepole zaidi. Pamoja na hayo apewe vidonge vya zinki, ambavyo hupunguza siku za ugonjwa: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, na 20 kwa aliyezidi, kwa muda wa siku 10 hadi 14, hata kama tumbo limekwisha kutulia. Anayekula asinyimwe chakula. Uji mwepesi na madafu yasiyotiwa sukari humfaa. Soda na sharubati za dukani hazimfai.

Na mtoto anyonyaye asikatizwe ziwa hata siku moja. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji mengine, hata katika joto la kaskazi. Nyanya zetu huona midomo ya mjukuu imekauka wakamwonea huruma, na huruma hiyo ni njema, lakini kijiko kile cha maji ndicho mara nyingi kinachofungua mlango wa maradhi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul Baqarah miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, na katika aya hiyohiyo akamwajibisha baba juu ya chakula na mavazi ya mama. Basi wenye nyumba, kununua maji matamu nako ni katika matunzo hayo.

Ikiwa mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au macho yamezama, au amelegea na ni mzito kuamka, au ngozi ya tumbo ikivutwa hairudi upesi, au choo kina damu, au amepata kifafa, asingojwe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, naye aendelee kunyweshwa njiani ikiwa anaweza kumeza. Dawa za kuzuia kuharisha na vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine asipewe.

Mwisho, tuangalie kadi za kliniki. Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo ni katika visababishi vikubwa vya kuharisha kwa watoto wachanga, hutolewa bure nchini Kenya tangu Julai 2014, na huanza mtoto akiwa na wiki sita. Tusiiache ipite wakati wake.

Jirani mwenye maji matamu amkumbuke jirani mwenye mtoto mgonjwa. Lita moja si kitu kwake, na kwa mtoto yule huenda ikawa ndiyo dawa. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na awaponye walio wagonjwa. Amin.