Dawa ya Majani Isifichwe

Katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa saratani kuna chupa ambayo siku ya kliniki haitajwi. Ndani yake mna maji ya mwarobaini, utomvu wa mshubiri au mafuta ya karafuu. Shangazi au jirani kaileta kwa huruma, maana mgonjwa alitundikiwa dripu ya tibakemia na sasa mdomo umejaa vidonda: mate hayamezeki, chai inaunguza, hata uji umemshinda. Naomba chupa hiyo isifichwe tena.

Tibakemia hushambulia seli zinazojigawa upesi. Seli za saratani ndizo zinazolengwa, lakini ngozi laini ya ndani ya mdomo nayo hujijenga upya kila wiki moja au mbili, hivyo huumia pia. Vidonda huanza mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10, na vingi hupona ndani ya wiki mbili au tatu. Siku hizohizo kinga ya mwili huwa imeshuka, na kidonda kidogo tu chatosha kuwapitisha vijidudu hadi kwenye damu.

Sidharau mitishamba. Vinkristini, dawa wanayopewa watoto wenye saratani ya Burkitt, hutokana na mmea wenye asili ya Madagaska ambao wengi wameupanda uani kwa ajili ya maua yake. Lakini dawa hiyo ilichunguzwa, ikasafishwa, na kila mtoto hupimiwa kiasi chake. Chupa ya nyumbani haina kipimo. Mafuta makali ya karafuu huunguza kidonda. Utomvu wa manjano wa mshubiri ukinywewa huharisha, na mgonjwa asiyekula hupungukiwa maji. Majani yaliyolowekwa kwenye maji yasiyochemshwa huja na vijidudu. Tena baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali ndani ya ini.

Anzeni na lililo rahisi. Chemsheni lita moja ya maji, yapoe, mtie kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti, ile ya kuumulia keki, siyo magadi ya maharage. Mgonjwa asukutue na kutema kila baada ya kula na kabla ya kulala. Kesho yake tengenezeni mengine. Mswaki uwe laini. Pilipili, ndimu na pombe viwekwe kando. Uji mwepesi au mtori uliopoa utamfaa. Kwa baadhi ya dawa, kumung'unya barafu wakati wa dripu hupunguza vidonda, ila kwa nyingine baridi huleta madhara, kwa hiyo muulizeni muuguzi kwanza. Asali imeonyesha kusaidia, hasa kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Nayo iulizieni kabla ya kuitumia, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Homa ikifika nyuzi 38, mdomo ukitoka damu, ukiota utando mweupe, au maji yakimshinda, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kwenu wauguzi na madaktari: ulizeni kwa upole, "Nyumbani mnatumia nini?" Mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hatasema tena, na atakayeumia ni yeye. Kwenu waganga wa tiba asili: mteja akisema anatibiwa saratani, mwombeni kwanza aende na dawa yenu kwa daktari wake. Na wewe msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, kliniki ijayo beba chupa hiyo, iweke mezani mbele ya daktari, na umtajie kila jani lililomo.