Meno ya Punda Yatuonye

Wakazi wa miteremko ya Mlima Meru wanayajua meno ya hudhurungi, ya binadamu na ya mnyama. Chanzo ni floridi, madini yatokayo katika miamba ya volkano na kuyeyuka majini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Vijito na visima kadhaa vya huko hukizidi mno.

Punda, kama farasi, hana kauli ya kujitetea. Meno yenye madoa na kulika upesi, kutafuna kwa shida, kukonda penye malisho, kuchechemea pasipo jeraha: hizo ndizo dalili. Tusimpige kwa uvivu asio nao. Tumwite bwana mifugo.

Jino likisha kuharibika haliponi. Kwa hiyo maji yapimwe. Ya mvua yakingwe, nao wana-punda wasiotimiza miaka 5, ambao meno yao yangali yakiumbika, wapewe kwanza. Magadi yasiwe chumvi ya kulamba, kwani nayo mara nyingi yana floridi.

Twawakumbusha viongozi wa vijiji: punda abebaye maji na mtoto ayangojaye nyumbani hunywa chemchemi moja. Apuuzaye meno ya punda amepuuza ya mwanawe.