Usahaulifu Hauvai Kanga

Ndugu msomaji, ni mambo machache yanayoweza kumtia mtu hasira kabla hajanywa chai ya asubuhi kama usahaulifu wa mtu wa karibu. Mtu anatoka na ufunguo wa nyumba mfukoni, na wenzake wanabaki nje wakiutazama mlango. Anateleka maharage, anakwenda kumsalimu jirani, na harufu ya kuungua ndiyo inayomwita nyumbani. Anatumwa sokoni kununua chumvi na vitunguu, anarudi na vitunguu, mchicha na habari za msiba wa Nyakato, lakini chumvi hana. Anatuma fedha kwa simu, anakosea tarakimu moja, na kodi ya nyumba inaingia kwa mtu asiyemjua hata kwa sura. Watu wa namna hii tunasema wana mapepe. Aghalabu hawana ubaya wa moyo. Lakini kuishi nao ni kazi, maana inakubidi ukumbuke mambo yako na yao pia.

Juu ya kero hiyo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu uko katika maneno mawili ambayo husemwa mara tu baada ya chumvi kusahauliwa: "Wanawake, bwana!" Husemwa kwa kicheko, tena mara nyingine bila chuki yoyote, na wasikilizaji hutikisa vichwa kana kwamba wamesomewa sheria ya nchi.

Hebu tuingie katika nyumba moja ya mfano pale Mabatini, kwa Baba Kulwa na Mama Kulwa. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baba Kulwa anatafuta kitambulisho cha kazi. Amepekua kabati, amepindua godoro, amewaamsha Kulwa na Doto.

"Mama Kulwa, kitambulisho changu umekiweka wapi?"

"Baba Kulwa, tazama katika mfuko wa shati la jana."

Kitambulisho kimo. Baba Kulwa anakitia mfukoni na kuondoka, huku akinung'unika kwamba katika nyumba hii vitu haviwekwi mahali pake. Jioni anarudi na kukuta mkewe amesahau kununua umeme na taa zimezimika. Hapo ndipo maneno yale mawili yanapotoka, na yanatoka na nyongeza: "Ndiyo akili zenu hizo."

Nakuomba, ndugu msomaji, ufanye hesabu ndogo. Asubuhi mwanamume mmoja alisahau kitambulisho, na hakuna aliyesema kwamba wanaume wote ni wasahaulifu. Jioni mwanamke mmoja alisahau umeme, na wanawake wote, tangu Magu hadi Mtwara, wakahukumiwa pamoja naye. Kosa la mwanamume ni lake peke yake. Kosa la mwanamke huandikwa kwa jina la ukoo mzima. Huu ndio msingi wa dhana nzima, na ukiutazama vizuri utaona kwamba hauna uhusiano wowote na kumbukumbu. Ni namna yetu ya kuhesabu iliyo mbovu.

Anayetaka kupima kumbukumbu ya mwanamke aende ufukweni mwa ziwa letu alfajiri, wakati mitumbwi ya dagaa inaporudi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwavuta kwa mwanga: zamani taa za karabai, siku hizi taa za betri na za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, kwa sababu mwanga wa mbinguni huishinda taa ya mvuvi. Kwa hiyo mama mchuuzi wa dagaa anatembea na kalenda ya mwezi kichwani mwake. Anajua giza litaanza lini, mtaji uwe tayari lini, na siku za mbalamwezi watoto watakula nini.

Hayo ni mwanzo tu. Anakumbuka amenunua ndoo ngapi kwa mtumbwi upi, zipi kwa fedha taslimu na zipi kwa mkopo. Anaanika, anageuza, analitazama wingu. Jua likiwaka vizuri dagaa hukauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha kabla hajakusanya, mzigo huharibika, na mtaji huenda nao. Kisha anafunga magunia na kuyapeleka Mwaloni, Kirumba, ambako wafanyabiashara hufika hata kutoka Kongo na Rwanda. Pale anakumbuka nani analipa na nani hutoa ahadi tu. Mwanamke mwenye mapepe katika biashara hiyo hamalizi msimu. Na bado huyo huyo, akifika nyumbani amechoka na kusahau kiberiti, ataambiwa kwamba kichwa cha mwanamke hakishiki kitu.

Dhana hii haikuzaliwa Usukumani peke yake, na wala tusijidharau kwa kudhani kwamba wenzetu wa mbali waliepukana nayo. Katika karne ya 19 wasomi wakubwa wa Ulaya walikaa maabara wakipima bongo za maiti. Mmoja wao, Mfaransa Paul Broca, aliyesifika kwa kugundua sehemu ya ubongo inayotawala usemi, aliona kwamba kwa wastani ubongo wa mwanamke una uzito mdogo kuliko wa mwanamume, akaichukua tofauti hiyo kuwa dalili ya upungufu wa akili. Kwamba mwili wa mwanamke nao kwa wastani ni mdogo, jambo hilo hakulipa uzito uliostahili. Kama uzito wa ubongo ungekuwa ndio busara, tembo wa Serengeti wangekuwa wakitutungia sheria. Siku hizi wataalamu hawapimi tena kwa mizani ya namna hiyo. Hupima kwa majaribio ya kukumbuka maneno, sura na matukio, na katika mengi ya majaribio hayo wanawake hupata alama za juu kidogo kuliko wanaume. Nasema kidogo, maana tofauti yenyewe si ya kujivunia. Mtu mmoja na mwenziwe hutofautiana zaidi kuliko jinsia moja na nyingine.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 1968 Serikali ikishirikiana na UNESCO ilianzisha katika kanda hii mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, makao yake makuu yakiwa hapa Mwanza. Vitabu vilifundisha kusoma kwa kutumia kazi za watu: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi, utunzaji wa nyumba. Akina mama wengi walikaa katika madarasa hayo baada ya kutoka shambani, mtoto mgongoni, na wakashika herufi ambazo hawakupewa nafasi ya kuzishika walipokuwa wasichana. Na katika kisiwa cha Ukerewe alizaliwa mwaka 1945 Getrude Mongella, ambaye mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing. Serikali 189 zilishiriki, na mapatano yakapatikana. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyejua alipoweka ufunguo.

Tuje sasa katika jambo zito zaidi, kwa maana uzembe si wa kuchekwa kila mara. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, nayo ilikuwa imepakia kupita kiasi. Mamia ya watu walipotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, nacho kikiwa kimejaa kupita kiasi, kilipinduka karibu na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Mtu akiacha kuhesabu abiria, matokeo yake ni makaburi. Uendeshaji wa vyombo katika ziwa letu umekuwa kwa miaka mingi mikononi mwa wanaume, lakini katika misiba ile miwili hakuna aliyesimama kusema, "Wanaume, bwana!" Na ilikuwa haki asiseme. Tulitaka kujua ni nani hasa aliyepaswa kuhesabu, na kwa nini hakuhesabu. Hivyo ndivyo uzembe unavyotakiwa kuulizwa: kwa kazi na kwa wajibu. Namwomba Baba Kulwa ampe Mama Kulwa haki hiyo hiyo katika habari ya umeme.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya mzaha tu, na kwamba mwenye kuyachukia hana ucheshi. La hasha. Mzaha unaorudiwa kila siku hugeuka kuwa utaratibu. Ndio uliowafanya baadhi ya waume washike fedha zote za dagaa walizozitafuta wake zao, kwa hoja kwamba "atazipoteza huyu". Ndio unaomfanya baba amchague mtoto wa kiume kuendelea na masomo, hata pale ambapo wa kike ndiye anayekumbuka. Katika sehemu nyingi za mwambao huu ilihesabiwa kuwa mkosi mwanamke kupanda mtumbwi wa kuvulia. Leo wako wanawake wanaomiliki mitumbwi na kuajiri wavuvi, na samaki hawajalihama ziwa kwa sababu hiyo.

Lakini nisiwapendelee akina mama, maana haki ina pande mbili. Wako miongoni mwetu wanaojificha nyuma ya dhana hii kama mtu anayejikinga mvua kwa mwavuli wa kuazima. Amekopa fedha za kikundi, siku ya kulipa imefika, anacheka na kusema, "Jamani, si mnajua vichwa vyetu sisi wanawake!" Amemchelewesha mtoto kliniki wiki mbili, na jibu lake ni lile lile. Dada yangu, huwezi kuitumia dhana siku unayodaiwa na kuikataa siku unayogombea uweka hazina. Kila unapojitetea hivyo, unaweka tofali katika ukuta utakaomzuia binti yako.

Tena tuulize: kwa nini mama wa nyumbani husahau? Mara nyingi ni kwa sababu ya wingi wa mambo anayobebeshwa peke yake. Kadi ya kliniki, michango ya shule, sare, maji, gesi au mkaa, dawa ya mama mkwe, harusi ya Jumamosi, rambirambi ya Igogo: vyote hivyo vimewekwa katika kichwa kimoja, na chote kinachodondoka huhesabiwa. Baba amepewa mambo mawili ya kukumbuka, na akiyakumbuka yote mawili anasifiwa. Debe lililojazwa pomoni humwaga njiani kuliko lililo nusu. Hilo ni jambo la maji, halihusiani na anayelibeba.

Dawa ipo na haihitaji daktari wa Bugando. Kwanza, pigeni msumari mmoja karibu na mlango, na ufunguo wa nyumba ukae hapo, awe ameingia baba, mama au Doto. Pili, nunueni daftari moja, liwe la nyumba nzima: umeme, ada, madeni, siku za kliniki. Kilichoandikwa hakina haja ya kukumbukwa na mtu mmoja tu. Tatu, gawaneni mambo ya kukumbuka kama mnavyogawana gharama. Baba achukue umeme na maji. Watoto wakubwa wachukue chumvi na kiberiti. Nne, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma fedha, soma jina linalotokea, ulisome mara mbili. Tano, anayekosea aulizwe kosa lake kwa jina lake, alirekebishe, na yaishe.

Mwenye mapepe tutaendelea kuishi naye. Ni mume, ni mke, ni shemeji, ni jirani, na pengine ni mkuu wa kazi. Tumkumbushe kwa upole, na pale uzembe wake unapohatarisha watu tumwajibishe kwa ukali. Ila tuyaache yale maneno mawili. Hayajapata kumrudisha mtu sokoni kuchukua chumvi.

Tukutane Jumapili ijayo, tukijaliwa.