Imprimanti imenyamaza: angalieni mstari mbele ya kulipa fundi



Swali la juma hili limetoka kwa kikundi kimoja cha likelemba hapa Kamina. Wana kompyuta ya okazioni yenye kutumia Linux, aina ya Ubuntu, pamoja na imprimanti iliyounganishwa kwa waya wa USB. Ndiyo inawachapia risiti za wanachama, ripoti za mikutano na barua. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kazi. Uliporudi, taa za imprimanti ziliwaka kama kawaida, lakini karatasi haikutoka. Wameambiwa kwamba mashine imekufa, wanunue ingine. Wanauliza: tutoe feza katika sanduku la kikundi?

Jibu langu ni hili: msitoe hata franka moja mpaka mmefanya majaribio haya manne. Mashine ambayo taa zake zinawaka mara nyingi haijafa. Pengine ni kompyuta ndiyo imeacha kuipelekea kazi.

Fikirini bomba la maji la mtaa. Wamama wamepanga madumu yao kwa mstari, na mlinzi anasimama mlangoni. Maji yakikatika, mlinzi anafunga mlango. Kisha maji yanarudi, lakini hakuna aliyemwambia afungue. Bomba ni zima, maji yapo, na mstari hausogei. Ndani ya Linux, mlinzi huyo ni programu inayoitwa CUPS. Kila unapobonyeza «Imprimer», kazi yako inaingia kwanza katika mstari wake. Imprimanti ikizimika ghafula au waya ukichomoka, CUPS inaweza kufunga mstari na kuuacha umefungwa, hata kama umeme umerudi.

Jaribio la kwanza: umeme na waya. Zimeni imprimanti, ngojeni dakika moja, muiwashe tena. Chomoeni waya wa USB pande zote mbili, muuchomeke moja kwa moja katika kompyuta, katika tundu lingine. Kama kuna waya mwingine wa namna ile ile, mwenye kichwa cha mraba, jaribuni nao. Na wale wanaotumia umeme wa jua wasikilize vizuri: imprimanti ya leza inapasha moto sehemu yake ya ndani ili wino wa unga ushike karatasi, na kwa kazi hiyo inavuta mamia ya wati kwa mara moja. Konvertiseri ndogo inayotosha kwa taa na telefone haitaiweza. Mashine itawaka, na itazimika pale tu inapoanza kuchapa. Imprimanti ya wino wa maji inavuta umeme mdogo sana.

Jaribio la pili: kompyuta inaiona? Bonyezeni Ctrl, Alt na T pamoja. Dirisha la maandishi linafunguka. Andikeni neno hili, kisha Enter:

lsusb

Itakuja orodha ya vyombo vyote vilivyounganishwa kwa USB. Tafuteni jina la kiwanda cha imprimanti yenu: HP, Canon, Epson, Brother. Kama jina halipo, rudieni jaribio la kwanza, shida ni ya waya, tundu au umeme. Kama jina lipo, furahini kidogo: kompyuta na mashine zinaonana.

Jaribio la tatu: mstari umefungwa? Andikeni:

lpstat -t

Hapo mtaona jina ambalo kompyuta imeipa imprimanti, na kazi zote zinazongoja. Mkikuta neno «désactivée», au «disabled» kama kompyuta inasema Kiingereza, basi mlinzi amefunga mlango. Lakini msikimbilie kufungua. Mashine ikinyamaza, kila mtu anabonyeza «Imprimer» mara tano, mara kumi. Kazi zote hizo ziko katika mstari. Mkifungua mlango, zitatoka zote pamoja na kumaliza karatasi na wino wa kikundi. Kwanza mfute kazi za zamani:

cancel -a

Kisha mfungue, mkiweka jina la imprimanti yenu, kama mlivyoliona katika orodha, pahali pa neno JINA:

sudo cupsenable JINA

Kompyuta itaomba neno la siri. Unapoliandika, mara nyingi hakuna kitu kinachoonekana. Usishituke, ndivyo ilivyo; maliza na ubonyeze Enter. Sasa chapeni ukurasa mmoja tu wa kujaribu.

Jaribio la ine: kazi inakwenda kwa nani? Wakati mwingine, baada ya kubadilisha tundu au kuunganisha upya, kompyuta inaandikisha imprimanti ile ile mara ya pili, kwa jina linalofanana. Kazi zenu zinaendelea kwenda kwa jina la zamani, ambalo halina mashine nyuma yake. Katika dirisha la kuchapa, chagueni jina lile lingine, mjaribu tena.

Kuna imprimanti zenye tabia yao. HP LaserJet P1102, kwa mfano, inahitaji kipande cha programu cha HP chenyewe, na toleo lake lazima lilingane na programu ya HP iliyo ndani ya kompyuta. Kompyuta ikijiongezea programu mpya kwa intaneti, kipande kile kinaweza kubaki nyuma, na imprimanti inanyamaza bila umeme kukatika. Hapo dawa ni kuandika hp-plugin mahali penye intaneti na kufuata maagizo.

Pengine mama mmoja atasema: mambo haya ni ya wataalamu. Hapana. Karibu mwaka 1980, huko Marekani, mtaalamu wa chuo cha MIT aitwaye Richard Stallman alikuwa na imprimanti ya Xerox iliyokuwa ikikwama. Alitaka kusahihisha programu yake, akanyimwa maandishi ya ndani ya programu hiyo. Uchungu ule ulikuwa mojawapo ya sababu zilizomfanya, mwaka 1983, aanzishe kazi ya programu huru, ambazo kila mtu anaweza kuzitazama na kuzitengeneza. Linux imejengwa pamoja na programu hizo. Basi mwenye Linux ana haki ya kuuliza kompyuta yake: shida iko wapi? Nayo inajibu.

Kwa hiyo naomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Andikeni maneno haya ya kompyuta kwenye karatasi, pamoja na jina la imprimanti yenu, muibandike karibu na mashine. Chagueni wamama wawili na binti mmoja wa masomo, wayajue kwa mkono. Na kama majaribio yote manne yameshindwa, iteni fundi, lakini mwambieni: lsusb inaonyesha hivi, lpstat inaonyesha hivi. Fundi wa kweli atafurahi, maana mmemfupishia kazi. Yule anayesema tu «imekufa», mwombeni awaonyeshe kifo kiko wapi mbele ya kufungua sanduku.

Feza ya likelemba inatoka katika mihogo, katika mafuta ya mawese, katika cherehani. Isiondoke kwa sababu ya mlango ambao neno moja lingeufungua.

Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu