Sambusa ya Samaki, Kutoka Asembo Bay



Ni nadra futari ya Pwani kukosa sahani ya sambusa, nasi tumezoea kuiita yetu. Lakini sambusa ni msafiri wa tangu kale. Waajemi waliiita sanbosag, Waarabu wakaitamka sanbusaj. Ishaq al-Mawsili, mwanamuziki na mshairi wa Baghdad aliyefariki mwaka 850, anasimuliwa kuwa aliitungia shairi la sifa. Katika karne ya 14 Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa, aliikuta katika karamu za Sultani wa Delhi, imejazwa nyama, lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo. Wahindi wengi leo husema samosa. Sisi, pamoja na Wasomali na Waarabu, tungali tunaitamka ile b ya zamani.

Kutoka Pwani haikuwa vigumu kufika bara. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaunganisha bandari ndogo za Ghuba ya Winam, Asembo Bay ikiwa mojawapo. Palipofika mfanyabiashara wa Kihindi na Mswahili, jiko lake lilifika naye.

Huko ziwani sambusa ilibadili moyo wake: mahali pa kima pakaingia samaki. Huchukuliwa minofu ya mbuta, ambaye naye ni mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, ikachemshwa kidogo, ikatolewa miiba na kuchambuliwa. Hukaangwa na kitunguu maji, thomu, pilipili mbichi na bizari mpaka maji yakauke kabisa, kwani majimaji huichana manda. Mwisho hutiwa kotmiri na ndimu.

Badiliko hilo lina faida kupita ladha. Asembo, Waislamu ni wachache miongoni mwa majirani Wakristo. Jirani akileta sahani ya sambusa za nyama magharibi ya Ramadhani, mwenye nyumba huingiwa na shaka: nani aliyechinja? Akipokea, moyo hautulii. Akirudisha, amemvunjia moyo mtu aliyemkumbuka kwa wema. Samaki huondoa uzito huo, kwa kuwa sheria yetu haikumwekea sharti la kuchinjwa. Linalobaki ni kuulizana kwa upole kuhusu mafuta, yasiwe yaliyokaangiwa nyama isiyo halali.

Tumelitaja hili kwa sababu zipo familia zetu nyingi zilizohamia bara kwa kazi na biashara, na baadhi hujifungia milango kwa kuogopa chakula cha jirani. Tahadhari ni ya dini, lakini ujirani nao una haki katika dini hiyo hiyo. Badala ya kukataa sahani, tutangulie kupeleka yetu, na tumweleze jirani tunachokula na tusichokula. Atakayejua hatakosea.

Chakula kilichopita Uajemi, Baghdad na Delhi hakikufika mbali hivyo kwa kufichwa. Kilifika kwa sababu watu walipeana. Ijumaa hii tujaribu sambusa ya samaki, na sahani ya kwanza ivuke ua.

Wabillahi tawfiq.