Damu isiwe bidhaa ya sokoni

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Fizi. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto wa miaka miwili, malaria imemkausha damu, viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi. Nje, chini ya mwembe, kijana mmoja alikubali kutoa damu, ila kwanza alitaka franga. Mama akafungua fundo la kitenge, akahesabu pesa ya ndagala alizouza mjini Baraka.

Simlaumu kijana; njaa tunaijua sote. Lakini mwenye kuuza damu ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Vipimo vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende vipo, ila maambukizi mapya yanaweza kuvikwepa. Ndiyo maana tangu 1975 Shirika la Afya Duniani linahimiza utoaji wa hiari, bila malipo.

Wengine huuliza: mbona hospitali inatutoza? Mfuko wa damu, vipimo na friji vina gharama. Wagonjwa waelezwe wazi. Mtoaji naye apewe soda, biskuti na nauli ya pikipiki. Hiyo ni shukrani, si bei.

Damu haikai kwenye friji zaidi ya wiki tano au sita, basi tusingoje tarehe 14 Juni, Siku ya Watoa Damu. Mwanaume mwenye afya anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Makanisa, misikiti na wamotari wa Baraka, tupangiane zamu. Zamu ya kwanza niandikeni mimi.

Msomaji wenu,
Baraka, Fizi